Mbuzi amemvamia binti yangu, kondoo wamemkimbia

SWALI: Shikamoo, daktari. Nilimpeleka binti yangu wa miaka minne kwenye bustani ya wanyama ambako watoto huruhusiwa kuingia zizini kuwashika mbuzi na kondoo. Mbuzi mmoja alimng'ang'ania, akatafuna pindo la gauni, na binti alipomsukuma kichwani akapigwa kikumbo. Kondoo walijibanza kwenye kona, hawakutaka kuguswa. Je, wana njaa, wanateswa, au ndivyo walivyo? Nimrudishe?

JIBU: Marahaba, mama. Mpe binti pole zangu. Nimetibu wanyama wa mazizi ya aina hiyo kwa miaka mingi, na natamani kila mzazi angeuliza kama wewe.

Yule mbuzi huenda hakuwa na njaa. Kwa asili mbuzi hula majani na vichipukizi vya vichaka, akichagua kwa midomo, na kila kitu kigeni hukichunguza kwa midomo hiyohiyo. Isitoshe, amezoea kwamba mkono wa mgeni huja na chakula, hivyo kila anayeingia humpekua.

Kondoo usalama wake ni kundi. Macho yake yako kando ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake, na mtoto anayemjia mbio kutokea huko humtia hofu kubwa. Kujibanza kwao ndiko kulikonigusa zaidi katika barua yako, kwa maana kona si kimbilio. Ni mahali mbio zinapoishia.

Watafiti waliowachunguza mbuzi na kondoo wa Zoo Atlanta, Marekani, walichapisha mwaka 2002 kwamba wanyama walipopewa sehemu kamili ya kujitenga na wageni, vitendo visivyotakiwa dhidi ya wageni vilipungua. Hata mimi zizi nalipima hivyo. Kabla hujalipa kiingilio, tazama kama kuna sehemu iliyozungushiwa uzio ambayo mnyama anaweza kuingia na mtoto hawezi, tena yenye kivuli, maji na nyasi. Ukimwona mnyama amelala humo akicheua, bila mtumishi kumtoa ili apigwe picha, basi hapo wanatunzwa vizuri. Kama haipo, mwambie msimamizi waziwazi, kisha nenda kwingine.

Kuhusu kikumbo: mbuzi hupigana kwa paji la uso, kwa hiyo ukimsukuma hapo umemwalika mchezoni. Binti asimame kando yake, amkune shingoni au begani, na mnyama akiondoka asimfuate. Kondoo akipiga kwato chini, anaonya. Dume akirudi nyuma huku ameinamisha kichwa, msidhani anaogopa, anajipanga kupiga. Mwondoe mtoto mara moja.

Msimpe mnyama mkate wala nafaka mliyobeba. Vikizidi, huchachuka tumboni na kugeuka asidi inayoweza kumuua. Chakula mtakachopewa hapo kiwekwe juu ya kiganja kilichonyooshwa, maana mbele juu hawana meno lakini magego yao husaga kidole.

Mrudishe, mama, penye nafasi hiyo ya kujitenga. Mkitoka tu, mnawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula chochote, kwa sababu hata mnyama mzima wa afya hubeba vimelea vya kuharisha, na watoto walio chini ya miaka mitano huumia zaidi. Gauni nalo lifuliwe siku hiyohiyo.