Tumewaona Tsavo, kwa nini tuwatazame ukutani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari hapa Malindi. Binti yangu anayeishi Marekani amenialika kwake mwezi Desemba, na anataka kunipeleka kwenye makumbusho yaliyo karibu na mji wa Jackson, Wyoming, ambayo yote ni michoro na sanamu za wanyamapori. Wanafunzi wangu nimewafikisha Tsavo kupitia lango la Sala, wakamwona tembo kwa macho yao. Je, kuna faida gani kumtazama mnyama wa kuchorwa, na nikienda nitazame nini?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Mwalimu, nenda bila kusita. Tsavo humwonyesha mtu mnyama, lakini mchoro humwonyesha pia namna mwanadamu alivyomtazama mnyama huyo, na kwa anayefundisha sanaa jambo hili la pili ndilo lenye faida kubwa zaidi.

Mfano tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, mwaka mmoja tu baada ya twiga mwingine kupelekwa huko kutoka Bengal. Picha maarufu iliyochorwa ya yule wa Bengal inamwonyesha akiwa ameshikwa kamba na mtunzaji wake, na madoa yake yamepangwa kwa utaratibu kama wavu, kwa kuwa watu wa kasri walimchukua kuwa qilin, mnyama wa heri wa masimulizi yao. Mchoraji alimwona twiga, lakini alichora pia alichokiamini, na mwanafunzi hawezi kulijua hilo kwa kukaa ndani ya gari mbugani.

Makumbusho unayoyataja yalianzishwa mwaka 1987, yakahamia mwaka 1994 katika jengo la mawe lililo ubavuni mwa kilima, na mwaka 2008 Bunge la Marekani likayatambua kuwa ya kitaifa. Yana kazi zaidi ya 5,000, kwa hiyo usijaribu kuzipitia zote. Anza na Carl Rungius, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi kati ya 1869 na 1959, ambaye kazi zake zimehifadhiwa huko kwa wingi. Mbali na michoro yake mikubwa, tafuta ile midogo ya rangi za mafuta aliyoifanyia porini, kwa maana hapo ndipo utakapoona jinsi alivyowahi kuunasa mwanga wa mlimani kabla haujabadilika. Rungius alikuwa mwindaji, na ujuzi wake wa misuli na mifupa ulitokana kwa sehemu na wanyama aliowaua. Naona si haki kulificha hilo mbele ya wanafunzi. Waelezwe, kisha waulizwe kama linabadilisha wanavyoitazama picha.

Desemba ni wakati mzuri kwa sababu moja zaidi. Jengo linaelekeana na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1912 kwa ajili ya elki, kulungu wakubwa wa nchi hiyo, ambao hushuka kutoka milimani wakati wa baridi kutafuta malisho, hivyo huenda ukawaona bondeni na kuwalinganisha na waliochorwa. Hata hivyo, Jackson iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake mtu wa pwani haijui: vaa nguo nzito na viatu visivyopitisha maji, hasa ukitaka kuzitazama sanamu zilizowekwa nje.

Chukua daftari na penseli. Chagua kazi tatu tu, uketi mbele ya kila moja na kuinakili kwa mkono wako, ukiandika pembeni ni wapi mchoraji alipoacha kitu bila kukichora. Kurasa hizo zitakufaa darasani kuliko picha za simu, na safari ijayo ya Sala wape wanafunzi kazi hiyo hiyo, wakianza na tembo.