Kanisa lifuate kalenda ya shule

Swali la wiki hii lilitaka wasomaji waseme ni jambo gani moja ambalo makanisa ya Dar es Salaam yangepaswa kulifanya kwa familia na vijana wa mitaa yenye huduma haba. Mimi ni mkazi wa Tandale na mzee wa kanisa katika usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na jibu langu ni kwamba huduma zetu kwa jamii zipangwe kwa kufuata kalenda ya shule badala ya kalenda ya sikukuu.

Kila Desemba sharika nyingi hupeleka mchele, sukari na mafuta ya kupikia kwa familia zenye shida, na sadaka hiyo ni njema. Lakini wakati huo kijana wa kidato cha nne amekwisha kumaliza mtihani wake Novemba na yuko nyumbani. Matokeo hutoka mwezi Januari, na hata aliyechaguliwa kuendelea na kidato cha tano huingia darasani Julai, ilhali asiyefaulu hana tarehe yoyote ya kungojea. Katika mitaa kama Tandale, Manzese na Mburahati, ambako familia nzima huweza kuishi katika chumba kimoja cha kupanga kilichogawanywa kwa pazia, kijana wa miaka 17 hana mahali pa kukaa mchana kutwa, hivyo huenda kijiweni. Huko hukutana na vibarua vya siku moja, mikeka ya kubeti na wenzake waliokata tamaa kabla yake, na binti naye hukutana na mwanamume anayemlipia vocha na chipsi. Vijana wengi tunaowalaumu kwenye mahubiri walipotea katika miezi hiyo, sisi tukiwa na majengo yanayofungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Ningependa majengo hayo yafunguliwe kuanzia Novemba kwa kila kijana wa mtaa, awe Mkristo au Mwislamu, bila sharti la kuhudhuria ibada. Sisi huku tumeoleana na tunazikana. Mtoto wa jirani hawezi kuulizwa dini ndipo asaidiwe. Kila kijana apewe mlezi mmoja anayeishi karibu, awe fundi umeme, fundi cherehani au nesi mstaafu, na mlezi huyo asipewe vijana wengi kuliko anaoweza kuwafuata nyumbani. Mawaidha pekee hayatoshi. Mlezi aende na kijana kwenye chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe kuulizia fani na ada, au amsaidie kujiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Atazame pia cheti cha kuzaliwa mapema, kwa maana Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na jina lililoandikwa tofauti shuleni, hata kwa herufi moja, huweza kumsumbua mwombaji kwa wiki kadhaa. Mzazi ambaye hajawahi kuingia katika ofisi hizo hawezi kumwongoza mwanawe, na hapo ndipo mtu mzima mwenye uzoefu anapohitajika.

Familia nayo isiachwe. Katika shule za serikali ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kwa kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari na nauli ya daladala vimebaki kwa mzazi, na mara nyingi Januari, shule zinapofunguliwa, mwenye nyumba naye anadai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Mama lishe aliyebanwa hivyo hukimbilia mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu na kurejesha kila siku kutoka katika mtaji wake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo huhitaji kikundi kilichosajiliwa chenye katiba na kumbukumbu za fedha. Katika sharika zetu wamo wahasibu na makarani wanaoweza kuwasaidia akina mama kuandaa hayo jioni chache tu baada ya kazi.

Jambo moja lisiwe na mjadala, nalo ni usalama wa watoto. Mlezi asikae peke yake na kijana mahali pa faragha, mzazi ajue watakutana wapi na saa ngapi, na afisa ustawi wa jamii wa kata awe na orodha ya walezi wote. Likitokea lalamiko la unyanyasaji, lipelekwe siku hiyohiyo polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, wala lisisubiri kikao cha baraza la wazee. Usharika usiokubali kulitangaza hilo mbele ya wazazi tangu siku ya kwanza usianze kabisa huduma hii.