Mwanangu, gari husikilizwa

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila baba yako goti linamsumbua tangu kusi ilipoanza kuvuma. Ujumbe wako ulinifikia juzi usiku, nikausoma mara mbili. Unasema umepata magari matatu ndani ya hiyo milioni 12 yako: IST ya mwaka 2005 iliyoko yadi hapo Dar, Demio ya 2009 ya mwenzako kazini, na Swift ya 2008 ya gia za mkono ambayo mwenyewe yuko huku kwetu, Pongwe. Na umeuliza jambo moja tu: ipi haitakutia hasara ukija kuiuza baada ya miaka mitatu?

Swali hilo halikuhitaji mama. Ni IST. Mtu yeyote wa Ngamiani, barabara ya kwanza hadi ya mwisho, atakujibu hivyo. Wateja wake hawaishi, spea zipo kila duka, na fundi anaifungua hata umeme ukikatika. Chini yake ni Vitz, waliijengea bodi nyingine tu mwaka 2002, kwa hiyo hakuna kitu cha ajabu ndani. Hilo limekwisha.

Lakini hukuniuliza ipi utafurahi kuiendesha, na mimi hilo ndilo lililoninyima usingizi. Gari utaiuza siku moja. Kabla ya siku hiyo utakuwa umeiendesha siku zaidi ya elfu moja, asubuhi na jioni, na hizo nazo ni za maisha yako.

Unaikumbuka Starlet, ile gari yetu ya zamani. Wewe unaikumbuka kwa kiti cha nyuma, umelalia kapu la peasi za Lushoto. Mimi naikumbuka kwa viganja. Ilikuwa ya 1992, injini ya 1.3 yenye valvu 16, gia tano za mkono, stering haina pawa. Gari nzima haikufika kilo 900, na siri yake yote ilikuwa hapo. Watu hudhani gari ya raha ni yenye nguvu nyingi. Mimi nasema ni nyepesi. Ukiigeuza inageuka, ukikanyaga breki inasimama, na injini ndogo ile unaweza kuitumia yote, gia ya pili mpaka inalia, na bado uko ndani ya mwendo halali. Gari kubwa ukiifanyia hivyo umeshamgonga mtu.

Stering yake ilikuwa kazi kuegesha pale soko la Mgandini, mabega yanauma. Ikishakwenda, inaongea. Hapa kuna mchanga, hapa lami imelowa, tairi la kushoto limepungua upepo. Ndiyo maana nasema, nanyi mmelisikia tangu mkiwa wadogo: gari haitazamwi, husikilizwa.

Mwaka 2006, masika yamechachamaa, baba yako yuko safari, ikaja habari kwamba bibi yako ameanguka uani kule Soni. Nilikuchukua wewe kwa sababu ndugu zako walikuwa shuleni. Muheza, Segera, Korogwe, nilikwenda bila wasiwasi, njia ile naijua. Pale Mombo nilisimama kwenye kituo cha mafuta na nikaogopa. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za kupanda, mwamba upande mmoja, korongo la mto upande wa pili, na sikuwahi kuipanda nikiwa mimi kwenye usukani. Siku zote alikuwa baba yako.

Nilitia gia ya pili. Kona ya kwanza nilipiga honi kama kila mtu, kona ya pili vilevile. Ilipofika ya tano au ya sita nikaanza kuisikia. Injini ikiwa nzito unaijua kabla haijakuchoka, unashuka gia, inashukuru na kuvuta. Mvua inapiga kioo, mabonde yamejaa ukungu, nawe nyuma unauliza kama ng'ombe wa bibi wana baridi. Nilipozima gari pale Soni mikono ilikuwa inatetemeka, na haikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Mama yangu yuko kitandani na nyonga imevimba, nami nimesimama nje kwenye mvua nina furaha kama mtoto. Sikumwambia mtu. Nakuambia wewe leo.

Kushuka ndiko nilikojifunza zaidi. Gia ile uliyopandia ndiyo ya kushukia, mguu mbali na breki. Mabasi yaliyotupita yalikuwa yananuka breki zilizoungua, sisi tulishuka polepole na breki zetu baridi.

Sasa nijipinge mwenyewe, maana najua utanipinga. Starlet tuliitangaza Jumanne, Alhamisi ikawa imeshauzwa, na kwa bei tuliyoitaka. Ilikuwa 2011, na unajua fedha ile ilikwenda wapi, ilikupeleka Dodoma. Ingekuwa gari isiyotafutwa na watu, ungekaa nyumbani mwaka mzima ukisubiri. Kwa hiyo nikikuambia bei ya kuuzia haina maana nitakuwa nakudanganya. Ina maana. Ilikusomesha. Usije ukadhani najuta, sijuti hata shilingi moja.

Ninachojutia ni kilichofuata. Baba yako alileta ile gari ya rangi ya fedha. Unaikumbuka ilivyong'aa, viti vyake kama havijakaliwa. Aliipenda kwa macho na sikumlaumu, hata majirani walitoka kuitazama. Ilikuwa ya CVT, gia boksi isiyo na gia, ndani yake kuna mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili, na puli zinapanuka na kubana. Ni kitu kizuri kikitunzwa. Lakini inataka oili yake yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya mkanda ule. Fundi mmoja, simtaji, aliimiminia oili ya otomatiki ya kawaida. Alisema zote ni sawa. Hazikuwa sawa, maana oili ile haiupi mkanda mshiko, nao ukiteleza unakula puli.

Mimi nililisikia. Hili sijawahi kukusimulia. Wiki chache baada ya servisi ile, gari ikiondoka tu ilikuwa inatetemeka kidogo, kama mtu aliyepitiwa na baridi, kisha inatulia. Nilimwambia baba yako mara moja, akasema ni matairi. Nikanyamaza.

Siku bibi yako alipofariki, 2013, wewe ukiwa kwenye basi la Dodoma, tulitoka Tanga saa nne asubuhi. Maziko yalipangwa baada ya alasiri. Kuanzia Korogwe nilisikia mvumo chini ya miguu yangu, mwembamba, unapanda na kushuka. Baba yako alikuwa anaendesha huku machozi yanamtoka, alimpenda sana mama mkwe wake. Nikasema moyoni, si wakati wa kumwambia mtu habari za mvumo. Kona ya nne juu ya Mombo injini ikalia mpaka juu na gari haikwenda. Harufu kama ya mpira ulioungua. Akakanyaga tena, ikalia tena, na ikaanza kurudi nyuma.

Tulitegesha mawe. Kila gari iliyopita ilikuwa imejaa. Mwisho Fuso la mboga lililokuwa linapanda tupu likanichukua, baba yako akabaki na ile ya fedha. Nilipofika, wanaume walikuwa wanatoka makaburini, mmoja ananawa udongo mikononi kwa maji ya kopo. Hakuna aliyeniambia kitu, walinipisha njia tu. Sikuuona uso wa mama yangu.

Tangu siku ile sijaendesha, na mmekuwa mkidhani ni macho.

Basi ukiniuliza gari, mwanangu, mimi siwezi kuanza na bei ya kuuzia. Gari haitazamwi, husikilizwa, na ukishasikia useme, hata kama mwenzio analia.

Turudi kwenye zako. Demio ile ukisema ni CVT moyo unanishtuka, na hapo najua nakosea. Kosa halikuwa la CVT, lilikuwa la oili na la kunyamaza kwangu. Demio ya umbo lile, iliyotoka 2007, ni gari nzuri kweli. Mazda waliipunguza uzito karibu kilo 100 kuliko iliyoitangulia, wakati wenzao wengi walikuwa wanaongeza, na mwaka 2008 ikapewa tuzo ya gari bora ya dunia. Hiyo ni akili ileile ya Starlet. Kama mwenzako ana risiti inayoonyesha oili ya gia boksi iliyowekwa ni ipi, isikilize bila kuniogopa mimi. Kama hana risiti, na anasema "ya kawaida tu", mshukuru na uondoke.

IST ya yadini, waombe karatasi ya mnada wa Japani. Ikiwa imeandikwa R au RA kwenye daraja, iliwahi kugongwa ikatengenezwa, na wao wanajua. Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake, tazama pedeli ya breki na usukani. Gari ya kilomita 60,000 haina pedeli iliyolika mpaka chuma. Matairi yana tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Na wakatalie kabisa kukuwashia injini kabla hujafika. Gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, kuna jambo wameficha, labda moshi wa bluu wa asubuhi. Rudi kesho saa moja.

Itakuendesha vizuri, IST. Ndiyo neno nililolitafuta: itakuendesha. Otomatiki ya gia nne, imetulia, haina maneno mengi. Ukiwa umechoka na foleni ya Ubungo utaishukuru, na mimi nani wa kukuambia mguu wa kushoto ukanyage klachi mara mia mbili kila jioni. Kwenye foleni Starlet ingekuchosha hata wewe. Nimeliwaza hilo sana, na sina jibu lake.

Swift sasa. Suzuki gari ya umbo lile waliijaribu kwenye barabara za Ulaya, milimani, na inaonekana kwenye kona, haiinami kama mtungi uliojaa maji. Injini ni ya cheni, kama zile mbili, si mkanda wa taimingi tuliokuwa tunaubadilisha kwenye Starlet kwa presha. Ubaya wake, spea za bodi hutazikuta kila duka, bampa utazunguka Gerezani nusu siku. Na kuiuza itachukua muda, maana vijana siku hizi hawataki klachi. Lakini ubaya huohuo ndio ulioishusha bei. Anayenunua asichokitaka wengine analipa kidogo, na akiuza anapata kidogo, hasara iko wapi?

Nilikuwa nimeapa nisikuambie chukua ipi. Fedha ni yako, na aliyekaa kwenye foleni ni wewe.

Ila nikuambie ukweli, jana nilikwenda Pongwe. Nilipanda daladala, nikamkuta mwenyewe, mama mtu mzima, muuguzi, anastaafu mwaka huu na anahamia kwa mwanawe. Gari iko chini ya mwembe, boneti baridi. Nilifungua kifuniko cha oili, ndani pasafi, hakuna ule uji mweupe wa maji yaliyochanganyika. Akawasha. Ikashika mara ya kwanza, ikanguruma juu kidogo, kisha ikashuka na kutulia, cheni haigongi. Matairi ya mbele ni ya 2021, ya nyuma yamechoka. Shokapu la kulia mbele linagonga ukipita kwenye tuta, bushi au shokapu lenyewe, si jambo kubwa. Akaniuliza kama naendesha. Nikasema ndiyo, kabla sijafikiri.

Niliipeleka njia ya Muheza mpaka tulipoyaona mashamba ya mkonge, tukarudi. Miaka yote hiyo, na mguu ulikumbuka wenyewe. Stering yake ina pawa, haisemi kama ya Starlet, lakini inasema.

Klachi inashika juu sana, karibu na mwisho wa pedeli. Maana yake sahani imelika, itakudai ndani ya mwaka, na kazi ile ni kushusha gia boksi. Bei ya sahani, presha na kazi ya fundi uitoe kwenye bei yake, usione haya, nimeshamdokeza naye ameelewa. Matairi mawili ya nyuma pia. Amesema hataiuza hadi Jumamosi jioni. Ukija, uje na viatu bapa.

Mama yako