Maswali na majibu: rangi ya shaba chini ya boti

Boti yangu ni moja tu. Hiyo shaba ya kwenye rangi itaidhuruje bahari?

Bahari kuu haitasikia kitu. Kinachoumia ni maegesho ya boti. Rangi ya kuzuia mwani na magamba (vile viumbe vyenye ganda gumu vinavyonata chini ya boti) imetengenezwa ili shaba yake ichuruzike kidogo kidogo mchana na usiku, hata boti ikiwa imelala. Sasa weka mamia ya boti nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi, mahali ambapo maji hayabadiliki upesi, uone itaenda wapi. Kwenye maegesho ya Shelter Island, kule San Diego, Marekani, kuna boti zaidi ya 2,000. Mwaka 2005 mamlaka za maji ziliagiza shaba inayoingia humo ipunguzwe kwa asilimia 76. Na kiwango kinachotia wasiwasi ni kidogo mno: kikomo cha Marekani kwa maji ya chumvi, kwa viumbe kukaa humo muda mrefu, ni mikrogramu 3.1 kwa lita, yaani gramu tatu na ushei katika lita milioni moja. Mabuu ya kome na chaza ndiyo huanza kudhurika.

Kwani shaba si ndiyo iliyoletwa kuwa nafuu?

Ni kweli. Kabla yake ilitamba rangi yenye kemikali ya bati iitwayo TBT, iliyowaotesha konokono majike viungo vya kiume na kuharibu magamba ya chaza wa Arcachon, Ufaransa. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kutumika mwaka 2008. Shaba ni afadhali, lakini afadhali si salama.

Nikiwa nasugua boti ikiwa majini, nakosea?

Inategemea unasugua na nini. Ukiona wingu la rangi likitanda kuzunguka mkono wa mpiga mbizi, hiyo ni rangi uliyoinunua, inaondoka na shaba yake. Tumia kitambaa laini au zulia, na usugue mapema, utelezi ukiwa bado mwembamba. Ukingoja magamba yashike utalazimika kukwangua. Ila usijidanganye kwamba brashi ndiyo mkosaji mkuu: hesabu za Shelter Island zilionyesha sehemu kubwa mno ya shaba hutoka boti ikiwa imetulia tu. Kwa hiyo uchaguzi wa rangi una uzito kuliko usuguaji.

Kupiga msasa ni chelezoni, boti ikiwa imetolewa majini, juu ya turubai, na vumbi lake likusanywe lote. Hapo sina masihara.

Boti yangu ni ya alumini.

Usiipake rangi ya shaba. Shaba na alumini kwenye maji ya chumvi huleta kutu inayotoboa bodi.

Rangi zisizo na shaba zinafanya kazi?

Zile za silikoni hufanya, kwa boti inayotembea. Hazina sumu ya kuua. Zinateleza, na mwendo ndio unaong'oa uchafu. Boti inayokaa gatini miezi mitatu bila kuwashwa itaota ndevu za mwani vilevile. Na silikoni haipakwi juu ya rangi ya zamani hivi hivi. Mara nyingi ile ya zamani hukwanguliwa yote kwanza. Kama boti yako ni ndogo na unaitumia mara chache, ipandishe kwenye trela. Ikikaa nchi kavu haihitaji rangi hiyo kabisa.