Maswali yenu: duka la bata, tembo wa bati na sheli yenye umbo la birika

Wiki iliyopita niliwatumia picha ya chumba nilicholala Holbrook, Arizona, kile chenye umbo la hema la zege, na tangu hapo simu haijapumzika. Wanaonifahamu wanajua mi ni dereva wa trela huku Marekani, naandika nikiwa nimepaki nasubiri kushusha mzigo, kwa hiyo mkiona jibu refu jueni foleni ya ghala ilikuwa ndefu. Nimechagua machache. Ya viza na mishahara sijibu leo.

Shikamoo kaka. Hivi mtu mzima na akili zake anajengaje duka lenye umbo la bata? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mdogo wangu. Akili anazo tena za kutosha. Ni 1931, Long Island, New York, sehemu ambayo enzi hizo kila kona kuna shamba la bata, na mfugaji mmoja anaitwa Martin Maurer anataka kuuza bata na mayai kwa watu wanaopita na magari. Mwenye gari hana muda wa kusoma kibao, ukimwandikia "bata freshi wanapatikana hapa" anamaliza kusoma keshakupita nusu kilomita. Maurer akajenga bata mweupe wa zege, futi 20 kwenda juu, futi 30 urefu, mlango upo kifuani, na macho akaweka taa za nyuma za Ford Model T ambazo usiku zinawaka nyekundu. Hapo hata usiyekula bata unakanyaga breki. Ni akili ileile ya kinyozi wa uswahilini anayechora kichwa cha msanii ukutani, tofauti ni kwamba huyu kakijenga kichwa chenyewe ukaingia ndani.

Na kabla ya magari kulikuwa na dalali wa viwanja, James Lafferty. 1881 alikuwa na mchanga mtupu kando ya bahari, New Jersey, anataka watu wanunue, akajenga tembo wa mbao na bati mrefu kama ghorofa sita, anampandisha mteja mpaka mgongoni anamwonyesha viwanja kwa kidole. Mwaka uliofuata akachukua na hataza ya serikali, kwamba majengo ya umbo la mnyama ni wazo lake, asiigwe. Madalali wa Kigamboni bado hawajafika huko.

Alafu hii nimeipenda: 1972 wasanifu watatu, Robert Venturi, Denise Scott Brown na Steven Izenour, walitoa kitabu ambamo jengo lolote ambalo umbo lake ndo tangazo lake wanaliita "bata", na neno likabaki, mpaka leo maprofesa wa usanifu wanalitumia. Huyo mama Denise kazaliwa Nkana, Zambia ya leo, 1931, mwaka uleule wa bata.

Bro, si ukishaliandikisha jengo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria huko Marekani basi hakuna wa kuligusa? (Mwanafunzi wa sheria, Mwanza)

Hapana, na hapa ndo wengi wanaumia. Sheria ya kuhifadhi urithi ya 1966 ndo iliyoleta orodha ya taifa, ila kazi yake kubwa ni kuibana serikali kuu yenyewe: kama kuna pesa au kibali cha serikali kuu kwenye mradi, lazima kwanza waangalie mradi utaliathiri vipi jengo na waulize watu. Sasa mwenye jengo binafsi, anayetumia hela yake, jengo liko kwenye orodha na kibao cha shaba kinang'aa ukutani, anaweza kabisa kuleta kijiko Jumatatu asubuhi. Meno yako kwa halmashauri ya mji. Mji wenye sheria yake unaweza kumnyima kibali cha kubomoa, mji usio na sheria unabaki kupiga picha.

Kuna na mambo mawili ukiwa mwanasheria uyashike. Kwa kawaida jengo liwe na miaka 50, na hii inaumiza vibanda vya barabarani maana kwenye miaka 30 au 40 ndo vinaonekana uchafu, havijawa vya zamani na si vya kisasa, hapo ndo tingatinga linapowahi. La pili, kuna nafuu ya kodi asilimia 20 ya gharama za ukarabati, ila jengo liwe la biashara. Moteli inapata. Nyumba unayolala mwenyewe haipati.

Mfano mzuri ni sheli ya Zillah, jimbo la Washington. Imejengwa 1922, umbo la birika la chai, mkono huku mdomo kule. Ilikuwa kejeli: waziri mmoja, Albert Fall, aligawa mafuta ya serikali ya sehemu inaitwa Teapot Dome kwa rushwa, baadae akafungwa, na jamaa wa Zillah akajenga birika akawa anauzia petroli. Fikiria mtu wa Morogoro ajenge sheli yenye umbo la skendo yetu mojawapo... ngoja niishie hapo. Birika liliingia orodha ya taifa 1985, ila kilichokuwa kinaliokoa ni kubebwa. 1978 barabara kuu mpya, Interstate 82, ilipita pale pale lilipo wakalihamisha, na 2012 wakalileta mjini, leo ni ofisi ya kupokea wageni. Orodha ni karatasi, we tafuta mtu mwenye trela.

Kaka nieleze tu hiyo ya tembo, walimhamishaje? Sisi huku kuhamisha kibanda cha M-Pesa tu kinavunjika. (Msomaji, Kisumu)

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote. Yule tembo wa Lafferty, siku hizi anaitwa Lucy, yuko mji wa Margate, kapita mikono mingi, kawa baa, kawa nyumba ya mtu ya kulala msimu wa joto, mpaka mwisho wa miaka ya 1960 ameoza anavuja na kiwanja chake kinatakiwa na wajenzi. Wakaambiwa mna siku 30, mhamisheni au tunabomoa. Watu wa pale, raia wa kawaida tu, wakaunda kamati wakaanza kugonga mlango kwa mlango kuchangisha, na tarehe 20 Julai 1970 tembo wa tani 90 akanyanyuliwa kwa jeki, akawekwa juu ya magurudumu akavutwa barabarani kama yadi 100 hivi, safari iliyochukua saa saba. Yadi 100 kwa saa saba, hiyo spidi hata foleni ya Mwenge inaishinda. 1976 akapewa hadhi ya juu kabisa ya jengo la kihistoria nchini.

Nilienda na familia, trela sikulipeleka, barabara za kule finyu. Unaingia kwenye mguu wa nyuma. Ndani ya mguu kuna ngazi ya kuzunguka, nyembamba, ukiwa na tumbo kama langu unapanda ubavu ubavu, na ghafla unatokea ukumbini, tumboni kwa tembo, dari imejipinda juu kama umekaa ndani ya ngalawa iliyopinduliwa. Mwanangu alikimbilia mbele kabisa kwenye jicho, maana jicho ni dirisha, akaniita "baba njoo uone tembo anaona nini", nikainama nikaangalia. Tembo anaona bahari na mtu anauza aiskrimu. Ukipanda mgongoni unaelewa biashara ya Lafferty, pwani yote iko mkononi mwako, na mimi sina hela ila kwa dakika mbili niliulizia moyoni kiwanja kinauzwaje.

Hayo mahema ya zege si dharau kwa wenyeji asilia wa Marekani? Na wewe umelala humo na kupiga picha. (Dada yenu, Columbus, Ohio)

Dada umenishika pabaya na uko sahihi kwa sehemu kubwa. Yanaitwa Wigwam Village, ni moteli, aliyeanzisha ni Frank Redford wa Kentucky miaka ya 1930, vijiji vilikuwa saba vimebaki vitatu: Cave City huko Kentucky, Holbrook Arizona, na San Bernardino California. Kwanza jina lenyewe sio, wigwam ni nyumba ya mviringo ya makabila ya kaskazini mashariki, hii yenye ncha juu ni tipi ya watu wa nyika za kati. Alafu Holbrook iko kaunti ya Navajo, na Wanavajo nyumba yao inaitwa hogan, haifanani na hema hata kidogo. Ni kama mtu ajenge msonge wa Kihaya Lamu auite manyatta.

Msimamo wangu: lisibomolewe, ila kwenye mlango liandikwe hivi hivi nilivyokuandikia. Ukibomoa unafuta na ushahidi wa jinsi watu walivyokuwa wanawachora wenzao.

Kulala humo kukoje? Ukuta unakuja na kichwa chako. Chumba kiko duara, kila ukienda kukaa pembeni zege limeinama linakugusa kisogo, choo ni kidogo lakini kisafi, nje kila hema lina gari la kizamani limepaki mbele, na usiku treni ya mizigo inapita karibu mpaka glasi ya maji mezani inatetemeka. Aliyelijenga 1950, Chester Lewis, aliinunua ramani kwa Redford kwa makubaliano ya ajabu: vyumbani aweke redio za kutumbukiza senti kumi usikilize nusu saa, na hizo senti zote ziende kwa Redford. Barabara kuu ya I-40 ilipoukwepa mji wateja wakaisha, 1974 pakafungwa. Watoto wa Lewis ndo wakafungua tena 1988.

Fundi ujenzi hapa, Dodoma. Hayo mabata yamejengwa kwa vifaa gani, na ukarabati wake ukoje?

Fundi, bata ni fremu ya mbao, juu yake wavu wa waya, alafu saruji inapakwa kwa mkono tabaka kwa tabaka, wala hakuna siri, we na vijana wako wawili mnamaliza. Shida inakuja baadae. Maji yakipenya ufa mdogo waya unashika kutu, unavimba, unasukuma saruji inabanduka, umeshayaona hayo kwenye matenki. Tembo ni mbao na bati, na yuko ufukweni, chumvi inamla mchana na usiku, ndo maana juzi hapa ilibidi wamvue bati lote la nje wamvishe jipya, alifungwa zaidi ya mwaka akafunguliwa Desemba 2022, bili kama dola milioni 2.4. Kumhamisha ilikuwa ngoma ya siku moja, kumtunza ndo ngoma ya miaka 50.

Yapo yaliyoshindikana? (Kigamboni)

Mengi. Los Angeles kulikuwa na mgahawa wenye umbo la kofia, Brown Derby, wa 1926, mastaa wa sinema walikuwa wanakula pale. Ulibomolewa 1980, kelele zikapigwa, wakaliacha kuba la kofia tu, na leo kuba limebandikwa juu ya fremu za maduka kama kofia ya marehemu iliyosahaulika kabatini. Kwangu hiyo sio kuokoa.

Na hii ni ya sisi tunaosema "sheli" hata kama kituo ni cha kampuni nyingine: Winston-Salem, North Carolina, walijenga vituo vya Shell vyenye umbo la kombe la baharini kabisa, lile la kwenye nembo, la zege, la njano. Vilikuwa vinane, kimebaki kimoja cha 1930. Nilisimama pale nikajisemea sheli ya kweli ndo hii, nyingine zote tunaazima jina.

Unatusimulia ya wazungu, na kwetu je? (Msomaji, Sinza)

Kwetu la kwanza ninalolikumbuka ni Drive-In ya Msasani, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, ilifunguliwa 1966, wazee wetu walikuwa wanajazana kwenye pickup na maandazi yao. Leo pale pamesimama ubalozi wa Marekani. Kitu cha Kimarekani kuliko vyote Dar kimeondoka, wamekuja Wamarekani wenyewe.

Sheria tunayo, ya Mambo ya Kale ya 1964, lakini jengo linalolindwa moja kwa moja ni la kabla ya 1863, la baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Wenzetu miaka 50 inasogea kila mwaka, sisi mwaka wetu umesimama tu palepale, sasa sinema au sheli gani itakuwa ya kabla ya 1863?

Ukitaka kuona Afrika ikifanya vizuri nenda Asmara, Eritrea. Kuna kituo cha mafuta cha 1938, Fiat Tagliero, kina umbo la ndege, mabawa mawili ya zege kila moja mita 15 yananing'inia hewani bila nguzo. Wakubwa walitaka nguzo ziwekwe, na wanasimulia kwamba mhandisi, Giuseppe Pettazzi, alimwekea mkandarasi bastola aondoe zile za muda. Bastola siwezi kuiapia, mabawa yapo mpaka leo, na 2017 mji wa Asmara ukaingia urithi wa dunia wa UNESCO.

Mjomba, humo ndani ya bata bado wanauza bata? (Binti wa darasa la sita, Arusha)

Hapana mama. Na yeye alihamishwa, 1988 walimpeleka kwenye hifadhi sababu kiwanja chake kilitaka kujengwa, 2007 akarudishwa Flanders, hukohuko Long Island, alikotoka. Ndani ni kaduka kadogo, wanauza fulana, vikombe na sumaku za friji zenye picha ya bata. Niliuliza mayai, yule mama wa kaunta akacheka akanionyesha barabara ya kwenda supamaketi.