Wali usishikane

Dada, umesema wali wako unatoka bokoboko hata ukipunguza maji, mi naona shida si maji peke yake, ni ule wanga. Osha mchele mara tatu nne mpaka maji yaache kuwa meupe, hasa kama ni pishori ya Mwea, ule mchele wa kunukia, na hiyo usiloweke sana itavunjika. Kaanga kidogo na mafuta na chumvi, kikombe 1 cha mchele weka maji moto kikombe 1 na nusu hivi, ikichemka punguza gesi kabisa, funika na uachane na mwiko bana! Maji yakikauka zima, iache imefunikwa dakika 10 ndio uichambue na uma. Sufuria nyepesi inaunguza chini, tafuta nzito.