Mashua ya futi 14 gerejini, Mikindani

Mdogo wangu, umeuliza kama mashua ya futi 14 itaenea kwenye gereji ya nyumbani ukiijengea humo. Urefu si tatizo, pima mlango! Mimi yangu niliijenga hapa Shangani, na siku ya kuitoa tukang'oa fremu ya mlango kwa sababu ya upana wa tumboni. Mke wangu hajasahau.

Mataruma, yaani mbavu za mashua, usiyakate kwenye ubao ulionyooka, yatapasuka. Tafuta matawi ya mwembe yaliyopinda yenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo. Kila msumari utobolee tundu kwanza kwa keke, ile drili ya mkono, na chini ya kichwa uuzungushie pamba iliyolowa mafuta kabla ya kuugonga. Kalafati, yaani kuziba nyufa kati ya mbao, ndiyo kazi ya subira: pamba na mafuta ya nazi, unaisindilia kwenye kila mwanya, polepole, usije ukaachanisha mbao.

Ukishaishusha itavuja, usipige kelele. Iache majini siku moja mbili mbao zivimbe, huku unakumba maji. Tanga utashona baadaye, ila usiijaribu mashua upepo wa kusi ukiwa mkali.